Gego la Shangazi Damari

Ihumwa, Jumamosi baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Nyemo,

Umekwenda kumkabidhi Daktari Yoeli funguo za chumba chenu cha tiba ya meno, nami nimebaki na sanduku lako. Nimelifungua mara kadhaa bila sababu. Nalifungua, natazama sweta zako, nalifunga. Nimekwenda jikoni nikasahau nilichokifuata. Nimetoka uani, upepo ukanitupia vumbi la barabara, nikarudi ndani. Mwishowe nimeketi mezani na kalamu, kwa sababu mkono wangu ukiandika mwili wote huwa unatulia. Leo hautulii, lakini nitajaribu.

Sitakuandikia kuhusu pasipoti, wala dawa, wala namna ya kukaa vizuri na watu wa India. U mtu mzima. Umewang'oa meno askari wenye silaha huku wakikushika mkono na kulia. Nataka kukuandikia jambo moja tu, lile tulilolizungumza garini tulipotoka hospitali, ambalo tangu siku ile tumekuwa tukilipita pembeni kila tukaapo mezani. Utakaporudi ukiwa daktari bingwa wa kupanga meno, je, utakuwa bado daktari wa meno wa watu wote?

Unajua nilichokisema kule kijijini Haneti. Hukuwapo, ila umesimuliwa, na kila msimulizi ametia chumvi yake. Acha nikupe maneno yenyewe, maana ni mimi niliyeyatamka. Ibada ya shukrani ilikuwa imekwisha, watu wameketi nje kwa ajili ya chakula, wakasema mama wa daktari aseme neno. Nikasimama. Nikasema: "Ndugu zangu, binti yenu anakwenda kusomea ubingwa. Huyu si wa kung'oa magego tena. Atakuwa wa kupanga meno, na kazi ya kung'oa itafanywa na wengine. Kwa hiyo nawaomba msimsumbue."

Akina mama wakapiga vigelegele. Kutoka nyuma sauti ya mwanamume ikauliza, "Sasa sisi tutang'olewa na nani, Mwalimu?" Watu wakacheka sana. Mimi nami nikacheka, nikaketi, nikaanza kula.

Nyemo, nimefundisha miaka mingi, na kama kuna jambo nililokuwa nikiwakemea walimu vijana, ni hilo. Mwanafunzi anauliza swali la kweli, darasa linacheka, mwalimu anacheka nalo na somo linaendelea. Mtu yule alitaka jibu. Sikumpa, kwa sababu sikuwa nalo, na kwa sababu sikujua kwamba sinalo.

Unaweza kuuliza nililitoa wapi wazo lile, maana wewe hukuniambia hivyo. Sikulitoa popote. Nililidhania tu. Niliona kwamba kupanda daraja ni kuhama chumba, ukiingia kipya cha zamani hufungwa na mwingine hupewa ufunguo. Katika kazi yangu ilikuwa hivyo. Tena kulikuwa na sababu nyingine, ambayo si nzuri. Nilikuwa nimechoka kukuona ukirudi Jumamosi kutoka zahanati ya Haneti, ukikaa barazani bila kuvua viatu, unakunja vidole na kuvikunjua. Siku moja nilikuuliza umeng'oa mangapi ukasema, "Usiniulize, Mama." Nikawachukia kidogo watu wale na meno yao. Nilipopata nafasi ya kusimama mbele yao, nikawafungia mlango wako kwa Kiswahili safi.

Shangazi yako Damari alikuwa ameketi safu ya mbele. Alipiga vigelegele kuliko wote.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Upande wake nimeusikia baadaye, kutoka kwake mwenyewe na kwa mkwewe. Gego lilianza kumsumbua wakati wa kuvuna uwele. Akatafuna karafuu. Akasukutua kwa maji ya chumvi. Akabandika ugoro, jambo ambalo ulishamkataza. Mkwewe akamwambia, "Mama, tumpigie Nyemo simu." Akajibu, "Nyemo amekatazwa mambo haya. Mnataka afukuzwe chuo kabla hajaingia?" Uso ukavimba upande mmoja. Wakamwambia waje Ihumwa hata bila kupiga simu. Akasema atakuja kutusalimu mimi na wewe kwa heshima, hawezi kuja na shavu limefura kama mtu aliyepigwa. Alikuwa akingoja uvimbe upungue ndipo aje kukuaga.

Mpaka siku ile walipompakia kwenye pikapu ya viazi bila kumwuliza.

Mimi ndiye niliyefungua geti. Sikumtambua wifi yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa mbele, mate yanamtoka, mdomo haufunguki hata kuingiza kijiko, na alipojaribu kunisalimu sauti yake ilitoka kana kwamba ana kiazi cha moto kinywani. Ulitoka ndani na taulo begani. Ulimtazama chini ya taya, ukamgusa shingo kwa vidole viwili, na nikaona uso wako ukibadilika. Hukumwambia aketi. Ulisema, "Hapa hapatoshi. Twende mjini sasa hivi," ukaingia kiti cha mbele cha ile pikapu bila kubadili nguo.

Garini ulikuwa ukigeuka nyuma kila mara kumtazama. Mimi nilikuwa nyuma pamoja na mkwewe, tumemshikilia Damari aketi wima kama ulivyoagiza. Baadaye uliniambia kwamba uvimbe ulikuwa unateremka shingoni, na kwamba kama ungeifikia njia ya pumzi, asingefika mjini. Uliniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Walimpasua usaha ukatoka, wakamtundikia dripu, na siku zilizofuata nilimpelekea uji. Nakumbuka vizuri asubuhi ile ulipokuja tukakutana kitandani kwake. Mdomo ulikuwa umeanza kufunguka, na bila shaka ulimi ulikuwa wa kwanza kupona.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Daktari Bingwa."

"Shangazi, sijawa bingwa. Hata darasani sijaingia. Kwa nini hukunipigia simu?"

"Nikuletee gego bovu la mkulima? Wewe sasa ni wa nyaya za kupangia meno. Wa watoto wa mawaziri."

"Nani aliyekwambia siwezi kukung'oa?"

Damari akanitazama mimi na chupa yangu ya uji. "Mwalimu alitangaza. Na Mwalimu akitangaza nani atabisha? Mimi tangu aolewe na kaka yangu ananisahihisha Kiswahili. Nikisema 'nimeona kitabu chako', atasema 'nimekiona'. Nikadhani na hili ameshalisahihisha."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mshono wake. Wewe hukucheka. Mimi nilimwaga uji kwenye shuka.

Simlaumu Damari hata kidogo, wala sidhani alikuwa mjinga. Watu wetu ndivyo walivyo, na mimi ni wa kwao. Mwenye cheo hatuendi kumwuliza kama tunaruhusiwa kumwendea. Tunakaa mbali, tunasema tunampa heshima. Daktari wa kawaida tutamgongea dirisha akila. Bingwa tutampisha njia tukiwa na usaha mdomoni. Hakuna sheria iliyomzuia Damari. Ni lile neno bingwa, na mimi niliyelitamka nikiwa nimevaa kitenge kipya.

Tulipokuwa garini tukirudi nyumbani jioni ile ndipo nilipokuuliza, na ninashukuru kwamba hukunijibu kwa hasira, ingawa ulikuwa na haki nayo.

"Hivi mnaruhusiwa?"

"Kufanya nini, Mama?"

"Kung'oa. Kuziba. Mtu akishakuwa bingwa."

Ukasema hakuna anayekunyang'anya ulichosomea mwanzo. Bingwa wa meno ni daktari wa meno kwanza, ubingwa unaongezwa juu yake. Koleo halikatazwi mkononi mwako. Nikafurahi, nikasema, basi nitawaambia watu wa Haneti kwamba nilikosea. Ukaniambia, "Subiri, Mama. Ruhusa ndiyo sehemu rahisi."

Hapo ndipo ulipoanza kunieleza mambo ambayo yamenikosesha raha mpaka leo. Ulisema daktari wa kawaida kama Yoeli akimwona mtoto ambaye meno yake yamepandana, atamleta kwako umpange. Mtoto huyo huyo ana jino lililotoboka. Ukiliziba wewe, umechukua kazi ya Yoeli. Ukifanya hivyo mara mbili, Yoeli hataleta mtoto wa tatu, na mtoto wa tatu atabaki na meno yake yalivyo. Kwa hiyo mabingwa wengi huzuia mikono yao kwa hiari, hata kung'oa lile jino linalobidi litoke ili nyaya zipate nafasi humrudishia daktari aliyemleta mtoto. Nilikubishia. Nilisema ni kumsumbua mtoto bure, kiti hiki anatolewa jino, kiti kile anafungwa waya. Ukasema, "Ndiyo, anasumbuka. Lakini Yoeli anaendelea kuwa daktari wake."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo.

Halafu ukasema jambo jingine, ukiangalia dirishani. Ulisema mikono husahau. Ukikaa miaka mitatu na nyaya, kisha miaka mitano mingine na nyaya, siku akija mtu na gego lenye mizizi iliyopinda utamwumiza, na ataumia kwa sababu tu uliona aibu kukataa. Ulisema kuna madaktari wanaofanya vyote, hasa mahali ambapo daktari ni mmoja na barabara ni mbaya, na huwezi kuwalaumu. Na wapo wanaofanya kimoja tu na kukifanya vizuri sana, na hao nao huwezi kuwalaumu. Nikakuuliza wewe utakuwa yupi. Ukasema, "Sijui."

Nilitaka kukukaripia. Nililelewa kwamba "sijui" ni jibu la mtu ambaye hakusoma. Nilijizuia kwa sababu ya hili la mikono, maana ninalijua kwa mwili wangu.

Nilianza kazi Gulwe, nikifundisha darasa la kwanza. Ulikuwa hujazaliwa. Treni ikipita darasa zima lilikuwa linakimbilia dirishani, nami nilikuwa na namna ya kuwarudisha bila kupaza sauti. Namna gani? Sikumbuki. Ndicho ninachotaka kukwambia. Nilikwenda chuo kusomea sarufi, nikaipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote cha karatasi, nikawa mwalimu wa walimu, na sikurudi kwa wadogo tena. Kisha karibu na kustaafu, mwalimu wa darasa la kwanza wa shule ya hapa alijifungua kabla ya wakati, mkuu akaniomba nishike darasa lake hadi wapate mtu. Niliingia nikitabasamu. Kulikuwa na msichana aliyekuwa anaandika herufi kinyume. Nilimwonyesha. Akaandika kinyume. Nikamweleza, na maelezo yangu yalikuwa sahihi kabisa, yangepata alama zote mbele ya msahihishaji yeyote. Akaandika kinyume, akaanza kulia, na wenzake wakaanza kupigana. Kabla ya chakula nilikwenda ofisini nikamwambia mkuu, "Hawa si wanafunzi wangu."

Baba yako, Mungu amweke pema, alinicheka kwa wiki nzima. Kila nikipita alikuwa akiniuliza, "Mwalimu, hawa si wa nani?"

Lakini sikiliza, maana hapa ndipo ninapohangaika. Sijutii sarufi. Wale walimu niliowafundisha wamefundisha watoto ambao mimi peke yangu nisingewafikia kamwe. Kama ningebaki Gulwe ningekuwa mwalimu mzuri wa darasa moja, na jambo hilo lina thamani yake. Nimekaa hapa mchana huu nikijaribu kupima lipi lilikuwa zito zaidi, nimeshindwa. Nimeamka, nimekunywa maji, nimerudi, nimeshindwa tena. Kwa hiyo sitaweza kukwambia uchague lipi. Nilidhani nikiandika nitajua. Sijajua.

Najua tu kosa langu lilikuwa wapi. Kuiacha Gulwe hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba sikuwaambia. Wazazi wa kule waliendelea kuuliza kwa miaka mwalimu yule wa kike anarudi lini, na mimi niliacha cheo changu kiwajibu. Hata siku ile ofisini ningeweza kusema, "Nilikuwa naiweza kazi hii, sasa siiwezi, tafuta mwingine haraka." Nikasema si wanafunzi wangu, kana kwamba wao ndio waliopungukiwa.

Kuna jingine nililokosea, nalo linakuhusu zaidi. Siku uliyotuambia kwamba umepata nafasi, nilikuuliza kwa nini kupanga meno, mbona watu wanaoumwa ni wengi hivi. Ukajibu, "Mama, kila siku nang'oa. Watu huja kwangu jino likiwa limekwisha. Nataka kufanya kazi na meno yanayobaki." Mimi nilisikia majivuno. Nilisikia binti anayewakimbia watu wenye harufu mdomoni. Nikameza, nikajipa moyo kwamba angalau ni cheo, na ndiyo maana kule Haneti nilikisifia cheo, sikusifia ulichokisema. Ningerudia maneno yako vilevile mbele ya ule umati, wangekuelewa kuliko nilivyokuelewa mimi. Watu wale hulima. Wanajua tofauti ya kung'oa na kutunza.

Jumapili ijayo nitakwenda Haneti. Nimeshamwomba mchungaji nafasi kwenye matangazo. Nitasema kwamba daktari wa meno akipata ubingwa haachi kuwa daktari wa meno, na kwamba nilichosema kilikuwa changu, hukunituma. Nitasema ukiwa mbali waende kwa Yoeli, na wasingoje uvimbe. Damari ameahidi kukaa safu ile ile ya mbele anisahihishe nikikosea. Amesema kwa sauti kubwa, wodi nzima ikasikia, "Safari hii zamu yangu."

Lakini kuhusu utakaporudi, sitawaambia lolote, hata wakiniuliza, na wataniuliza. Nimejikataza. Ukirudi na kuamua ni nyaya tu, simama uwaambie kwa mdomo wako ni nyaya tu, na uwaambie magego wampelekee nani. Ukiamua vyote, waambie vyote. Ukiamua Jumamosi moja ya mwezi, sema ipi. Usiache kibao cha mlangoni kiseme kwa niaba yako, wala mimi.

Niliacha kuandika hapo. Ulikuwa umerudi, umeingia kuoga, na mtu akabisha getini. Nimekwenda kufungua. Ni fundi Masinga, yule aliyejenga ukuta wa jirani. Amefunga shavu kwa kanga ya mkewe, mkono una saruji.

"Mbukwa, Mwalimu," akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa. Karibu."

"Pole na safari ya binti. Samahani, sitaki kuingia." Akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayeuliza habari za msiba. "Huyu Daktari bado anashughulika na sisi, au ndiyo ameshakuwa yule mwingine? Niambie tu wewe. Nisimsumbue."

Nyemo, jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa limejipanga, zuri, lenye heshima: kesho anasafiri, funguo amekabidhi, apumzike. Na yote yalikuwa kweli. Nilishika geti. Nikasema, "Mimi sijui. Muulize mwenyewe."

Akashtuka kuliko alivyoshtushwa na jino.

Nimekuita, nimerudi mezani, na sasa naandika huku nawasikia mko barazani. Umemwambia afungue mdomo, ageukie mwanga. Umemwuliza limeanza lini, naye anaona haya kusema. Anakuuliza lile swali lake, tena wewe mwenyewe, kwa sauti ndogo isiyofaa fundi wa mawe. Nawe unamjibu, "Leo nang'oa. Yoeli hajafunga, twende kwake. Kuanzia kesho ni Yoeli. Nikirudi sijui, njoo uniulize." Naye anasema, "Haya, Daktari," na nasikia viti vinasogezwa.

Umepita hapa kuchukua viatu, nywele zimelowa. Hukuuliza ninaandika nini. Geti limefungwa, mnateremka barabarani, fundi anakwambia usimwumize, nawe unamwambia anyamaze ataumia zaidi.

Barua naifunga kabla hujarudi, nisije nikaongeza. Nenda, mwanangu. Kama kule ugenini utatamani kusahihishwa, nipigie simu wakati wowote.

Mama yako